Shingo Tulizorithi kwa Binti Mkumba

Mwanangu Somoe,

Usicheke. Najua tunalala nyumba moja, na watu wa nyumba moja hawaandikiani barua. Begi lako liko hapa mbele yangu, zipu imegoma kwa jinsi ulivyolishindilia. Wewe umevuka asubuhi kwenda Kiongoroni kumuaga shangazi yako, na wifi yangu namjua, hakuachii urudi mpaka ule, uoge, ule tena. Baba yako nimemtuma nazi ambazo hatuzihitaji, ili asije akasimama mlangoni kuniuliza naandika nini. Kwa hiyo mchana huu ni wangu.

Naandika kwa sababu ya koo hili. Kuna mambo nikiyaanza kwa mdomo, sauti inakatika kabla sijafika penyewe, nabaki natafuta pumzi, na wewe kwa huruma zako unasema, "Basi mama, pumzika, nimeshakuelewa." Hujanielewa. Umenionea huruma tu, na mimi nakubali kunyamaza kwa kuwa nimechoka. Leo hunikatizi.

Habari za kufunga mlango, za kuchagua marafiki, za kuswali kwa wakati, sitaziandika. Hizo umezisikia mpaka zimekuota sugu masikioni. Sumbawanga, huko walikokupangia kufundisha, sijafika. Watu wanasema kuna baridi, sweta nimekuwekea chini kabisa, usilitoe. Basi, maagizo yameisha.

Nataka tuseme habari ya kivimbe chako.

Najua hutaki. Tangu tuliporudi kutoka Kibiti na yale majibu, unavaa mtandio hata jikoni penye moto, hata unapotwanga. Mwanangu, mtandio huo mimi ni fundi wake. Miaka na miaka nilifunika shingo yangu hivyohivyo na watu wakanisifu kwa kushika dini, na mimi nikazipokea sifa bila haya. Kwangu hufichi kitu. Kivimbe chako nilikiona kabla hujakijua wewe, siku ile uliyorudi kisimani ukainua kopo ukanywa maji. Ulipomeza, kitu kidogo kikapanda na kushuka pembeni mwa koo lako, ukubwa wa kunazi. Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini nikajifanya nimeingiwa na pumba jichoni.

Nilikaa na siri hiyo kwa muda, nikitumaini nimeona vibaya. Hilo nalo nilikosea, lakini halikuchukua miezi, namshukuru Mungu. Nikakwambia, ukakasirika, ukanuna, mwisho ukakubali twende.

Sasa kumbuka siku ile ya majibu. Vipimo vya damu ndivyo vilivyotoka kwanza. Ulirudi kwenye benchi unacheka meno yote nje. "Homoni ziko sawa, mama! Zote sawa!" Ukamkumbatia hata muuguzi ambaye hamjuani. Baadaye daktari wa ultrasaundi alipotuita akatuonyesha kile kivimbe, akasema kingo zake hazikunyooka na ndani yake kuna vichembe vyeupe asivyovipenda, akakuandikia barua uende hospitali kubwa Dar es Salaam ukachomwe sindano nyembamba, wavute chembe kidogo wazitazame, wewe ulikuwa umeshafunga masikio. Ulishalisikia neno "sawa" ukaondoka nalo. Njia nzima ulikuwa unanipigia hesabu: nitakwenda likizo, mama. Nikishapokelewa shuleni. Nikishazoea kazi.

Daktari alisema pia kwamba vivimbe vingi vya namna hii si saratani, na mimi sikufichi neno hilo, ni kweli. Wapo wanawake hapahapa Mbuchi wanavyo shingoni na watazeeka navyo. Inawezekana chako ni katika hivyo. Siandiki kukutisha. Lakini homoni kuwa sawa ni habari ya kazi ya tezi ya shingo, si habari ya kile kilichoota juu yake. Hata zangu zilikuwa sawa. Nilipimwa, nikaambiwa ziko vizuri, nikarudi nyumbani nikapika pilau na majirani wakala. Saratani ilikuwa imo humo tayari. Tezi ilikuwa inatoa homoni zake kila siku bila kukosa, sawa na shamba linalozaa mpunga mzuri huku nguruwe amejilaza katikati.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umepata vipande tu, na vingi umepata kwa shangazi yako ambaye huongeza chumvi hata kwenye chai.

Bibi yako, mama yangu, Binti Mkumba, alikuwa mwimbaji wa unyago. Unamkumbuka akiwa mzee wa kukaa mkekani, lakini mimi nilimkuta akiwa mwanamke wa kuitwa na vijiji. Wari, wale wasichana wanaochezwa, hawakutolewa nje mpaka yeye aje aanzishe nyimbo. Na shingoni alikuwa na rovu, lililojaa upande mmoja, laini, la siku nyingi. Mtu mwingine angeona haya. Yeye alilipaka mafuta. Akiimba lilitetemeka, na wanawake waliokaa mbele walikuwa wanalitazama kwa heshima. Mama yake alikuwa nalo pia. Nilipokuwa msichana aliniwekea vidole hapa chini ya kidevu akasema, "Sauti yetu sie yakaa hapa. Weye lako bado halijaja. Litakuja."

Likaja. Nilikuwa nimeshakuzaa wewe. Nilipoligusa mara ya kwanza, mwanangu, nilifurahi. Naandika hivyo bila kupunguza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda mbio kumwonyesha mama, naye akapiga kigelegele kidogo cha chini kwa chini, akanipaka mafuta palepale. Tulikuwa tunasema rovu la ugonjwa ni la watu wa milimani huko wasioona bahari. Sisi tunakula samaki na kamba, chumvi yetu tunaichota majini, rovu la ugonjwa litatoka wapi? Kwa hiyo la kwetu halikuwa ugonjwa. Lilikuwa urithi.

Na kweli sauti nilikuwa nayo. Sijui kama unaikumbuka. Hilo huniuma kuliko mengine yote, kutojua kama unaikumbuka. Msimu wa mpunga tulikuwa tunahamia shambani, mimi kwenye dungu langu kubwa la miti juu ya mpunga, wewe baba yako amekujengea kijidungu chako cha miguu mifupi upande wa pili, tunaamia ndege pamoja, tukiwafukuza wasile mpunga. Nilikuwa nikipiga ukelele mmoja, ndege wote wa upande wangu wanaruka wanakuja kwako, nawe unapiga wako, mwembamba, wanarudi kwangu. Jioni ndege wakishalala tulikuwa tunaongea hivyohivyo kwa mbali, kila mtu juu ya dungu lake, mpunga katikati. Ulikuwa unaniuliza maswali ya ajabu. "Mama, samaki akilia machozi yanakwenda wapi?" Nami nakujibu kwa kuimba, uongo mtupu, unacheka mpaka dungu linatikisika. Nakumbuka nilikuwa naogopa utaanguka.

Ningepewa siku moja tu irudi, ningeomba moja ya zile. Si harusi yangu. Zile.

Baadaye rovu likaanza kubadilika. La mama yangu lilikuwa laini, langu likawa gumu upande mmoja, gumu kabisa, ukilibonyeza halisogei. Mjomba wako Salumu, aliyekuwa amekuja kutoka Dar kwenye msiba, aliniona nikifunga mtandio upya akasema twende hospitali. Twende wapi na mpunga haujavunwa? Nikamwambia baada ya mavuno. Mavuno yakaisha, nikasema baada ya Ramadhani. Unaona unavyonifanana? Ile "likizo" yako mimi ninaijua kwa jina jingine.

Alinishika mkono mwaka uliofuata, tukaenda. Ndipo wakapima zile homoni zikawa sawa, na pilau nikapika. Lakini daktari yule alisema homoni si neno, kivimbe hiki hakinifurahishi, inatakiwa sindano na pengine upasuaji. Nilirudi na barua nikamsomea mama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, na hakupandisha sauti, "Mie n'kubebe tumboni, n'kunyonyeshe kwa ziwa hili, leo wende ukampe mtu kisu akuchinje shingo? Hapo ndipo ilipo sauti ya mama yangu na ya bibi yangu. Haya, enda. Lakini maziwa yangu sikuhalalishii, na radhi yangu huna."

Wewe umekulia hapa, sina haja ya kukueleza uzito wa maneno hayo. Mtu anaweza kuvunjika mguu akaendelea kutembea kwa gongo. Asiyekuwa na radhi ya mama yake anakwenda wapi? Hata Salumu, aliyekuwa na maneno mengi, alivaa kofia yake akaondoka. Mimi nikaiweka barua ya daktari chini ya godoro na maisha yakaendelea. Nikaendelea kuimba. Watu wakaendelea kunisifu.

Halafu siku moja, katikati ya wimbo, sauti ikakwaruza.

Soma hapo tena, Somoe. Sauti ilianza kukwaruza kabla sijaona kisu. Nilidhani ni mafua. Nikanywa tangawizi, nikafukiza mvuke, fundi mmoja akanichanja chale juu ya uvimbe na kupaka dawa nyeusi, makovu yake unayajua, ulikuwa unayahesabu kwa kidole ukiwa mdogo. Sauti ikazidi kwenda. Nilikuwa napiga ukelele shambani, ndege wananitazama tu.

Nilikwenda kukatwa baada ya mama kufariki na arobaini kupita. Walipasua, wakakuta saratani imeshauzunguka mshipa unaoendesha sauti upande mmoja. Daktari alinieleza baadaye kwa upole kwamba hawakuwa na njia, ama mshipa ubaki na ugonjwa, ama utoke pamoja nao. Ukatoka. Nikamuuliza kwa kuandika kwenye karatasi, ningekuja mapema je? Akasema kivimbe kikiwa bado kidogo, mara nyingi mshipa wanauona na wanauacha mahali pake. Hakuapa. Alisema mara nyingi.

Wewe uliniona nikiondoka nikiwa na mnong'ono na kurudi nikiwa na mnong'ono na kidonda. Ukaweka moyoni kwamba hospitali ndiyo iliyonimaliza. Juzi umeniambia kwa mdomo wako, "Mama, mwalimu bila sauti atafundisha nini?" Nikakutuma kisimani.

Jibu ni hili. Kilichoniondolea sauti ni kungoja. Nilingoja kwa kuogopa kupoteza sauti, na kungoja huko ndiko kulikoila.

Kuna jambo jingine sijapata kulisema. Baada ya upasuaji walinipeleka kunyweshwa dawa ya mionzi, ili imalize mabaki yaliyojificha. Kwanza wakaniambia kwa wiki kadhaa nisile samaki, wala kamba, wala chumvi ya baharini. Mtu wa Mbuchi! Nilikuwa nakula ugali na mchicha usio na ladha nikimtazama baba yako anavyofyonza kichwa cha samaki, nikamchukia kabisa. Kisha nikawekwa chumba cha peke yangu, chakula kinaachwa mlangoni. Waliponiruhusu walinionya nisikae karibu na watoto kwa muda, wala nisikukumbatie, maana mionzi ilikuwa bado mwilini.

Ndiyo maana niliporudi nililala kwenye ile nyumba ya bibi yako iliyobaki tupu uani. Baba yako alikwambia mama anaumwa, usimkaribie, na wewe ulikuwa mtoto wa kutii nusu. Ulikuja ukakaa nje, mgongo umeegemea ukuta wa udongo. Nilikusikia unavyopumua. Ukauliza, "Mama, umenikasirikia?" Sikuwa na sauti ya kuvuka ukuta ule. Nilitaka kusema sijakukasirikia, nilitaka kutoka nikubebe, na vyote viwili sikuweza. Nikagonga ukuta kwa kidole, taratibu, nikadhani utaelewa. Ukasema "panya!" ukakimbia kumwita baba yako.

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio. Nimelala na kitu hicho kifuani miaka yote hii. Sikuwa nimekukasirikia, mwanangu. Nilikutamani mpaka mikono ikaniuma.

Usidhani baada ya hapo nikawa na akili. Sina tezi, kwa hiyo homoni yangu naimeza kila asubuhi kwenye kidonge, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na kula ni baadaye. Ramadhani ya kwanza nikaona nitajifanyia mpango wangu. Nikawa nakimeza wakati wa daku, juu ya uji na chai ya maziwa, nikidhani kidonge ni kidonge tu. Unaikumbuka Ramadhani ile? Nilivaa koti la baba yako jua linawaka, uso ukavimba, nilikuwa nalala hata nikikuna nazi. Nilikufokea kwa kupoteza mwiko ambao nilikuwa nimeushika mwenyewe. Shangazi yako akasema ni jini. Nilipopima damu wakakuta homoni imeshuka chini kabisa, na muuguzi akaniuliza nakula nini na dawa. Nikamwambia kwa fahari, uji. Alicheka mpaka akakaa. Akanipangia nikimeze usiku, futari ikiwa imeshashuka tumboni, na baada ya wiki kadhaa nikavua koti.

Nakuandikia hilo ili ujue kwamba hata mambo yakienda vibaya, mtu anaishi. Mimi naishi. Nalima, nauza kamba, nagombana na baba yako kwa kunong'ona, naye anasema nikinong'ona ndipo ninapotisha. Shamba naamia ndege kwa kupiga debe. Kama sindano ikisema ni saratani, nayo ni ndogo hivyo, una njia mbele yako nzuri kuliko yangu. Na kama ikisema si kitu, utakwenda Sumbawanga umelala usingizi ndani ya basi. Ila usiende bila kujua. Uchungu wa kutojua nimeshauonja kwa ajili yetu sote.

Sasa nafika penyewe, na mkono umeanza kuchoka.

Wiki iliyopita wifi yangu alinivuta pembeni akaniambia, "Wifi weye, hangaika yote hii ya n'ni? Mwambie huna radhi naye asipokwenda kuchomwa. Utaona kama hendi." Anakupenda, usimnunie. Na anakujua. Mimi nakujua zaidi. Ungekwenda mbio. Ungelala Dar kwa mjomba wako Salumu, asubuhi ukafika hospitali kabla ya mlango kufunguliwa, na mimi hapa ningepumua. Neno lilikuwa limeshanifika mdomoni. Jana ulipokuwa unakunja nguo nilifungua kinywa nilitoe, wewe ukainua uso ukatabasamu ukidhani nakohoa.

Sikulitoa, na nitakwambia kwa nini, ingawa nikishakwambia unaweza kuniona mwingine.

Mama yangu alipokuwa anaumwa mara ya mwisho, mimi ndiye niliyemuuguza. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilimpepea joto lilipozidi. Kila aliyekuja alisema, Mwanaidi ana bahati, anachuma pepo. Siku moja alasiri nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, pumzi zake zinakuja kwa tabu, moja, halafu kimya, halafu nyingine. Nikajikuta nakisikiliza kile kimya kwa hamu. Nilikuwa nawaza: akishakwenda, nami nitakwenda hospitali.

Nilikuwa nangoja mama yangu afe.

Nilimpenda, Somoe. Nilimpenda kuliko sauti yenyewe. Lakini alikuwa amenifunga, na mlango pekee aliouacha ulikuwa kifo chake. Alipofariki nililia, kwa mnong'ono niliokuwa nimebaki nao, watu wakanishika huku na huku. Hakuna aliyejua nalilia nini. Nimemsamehe. Alidhani analinda kitu chetu cha thamani, naye hakujua zaidi ya alivyofundishwa. Ila ile alasiri sijaweza kuiondoa.

Nikikufunga mimi leo, hata kwa jambo jema, nitakuwa nimekuachia fundo lilelile. Leo ni sindano. Kesho litakuwa jambo jingine nisilolijua, mume, kazi, mahali pa kuishi, nami nitakuwa nimekosea kwa uhakika uleule aliokosea nao mama. Na siku moja utakaa pembeni ya kitanda changu unanipepea, na mimi nitakuwa natazama uso wako nikijiuliza unangoja nini.

Sitaki. Nataka ukija unipepee, uwe unataka niamke.

Basi soma hapa vizuri, nimeandika kwa mkono wangu na akili zangu timamu. Maziwa yangu ni halali yako, yote, tangu tone la kwanza. Radhi yangu unayo ukichomwa sindano, unayo usipochomwa. Unayo majibu yakiwa mema na unayo yakiwa mabaya. Ukinipigia simu unayo, ukikaa kimya unayo vilevile, ingawa kwa hilo la kimya nitakusema kwa baba yako. Siirudishi, hata nikikasirika, hata nikizeeka nikaanza kusema ovyo. Nikija kusema vingine, nionyeshe karatasi hii.

Nikwambie na ukweli mwingine, kipande cha moyo wangu kinaomba usiende popote. Kinataka begi hili lifunguliwe, nguo zirudi kamba ya chumbani, uwe unalalama kuhusu moshi. Ukitoka, nyumba hii itabaki na watu wawili, mmoja hana sauti na mwingine hana maneno. Nitakutafuta jikoni kwa mazoea. Nitapika wali mwingi. Hayo ni yangu, usiyabebe, begi lako limejaa.

Barua ya daktari nimeiweka juu kabisa, ukifungua tu utaiona. Salumu ana nafasi ya wewe kulala siku zozote utakazohitaji, na shuleni bado hujachelewa. Nimekufungulia kila fundo ninalolijua. Hakuna kinachokulazimisha, si mama, si laana, si hofu ya akhera.

Kilichobaki ni ombi, na ombi unaweza kulikataa. Pitia hospitali kwanza, mwanangu.

Tafadhali, pitia kwanza.

Mama yako,
Mwanaidi